Uliza Mfamasia: Kwa nini dawa ya kuuzuia ugonjwa wa Parkinson haijapatikana?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Baba yangu ana miaka 71, na huu ni mwaka wa nne anatumia vidonge vya levodopa na kabidopa. Mwanzoni alipata nafuu hadi akarudi kihambani kupogoa kahawa. Siku hizi kidonge kinamwishia nguvu kabla saa ya kingine haijafika, na akikaribia mlango miguu inaganda. Daktari anasema dawa hizi zinatuliza dalili tu, ya kuuzuia ugonjwa usiendelee haipo. Kaka yangu anasema ipo, wenye viwanda wanaificha ili waendelee kuuza vidonge. Ni kweli? – Binti, Machame

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nakujibu kama mfamasia na kama mtoto pia, maana marehemu baba yangu aliishi na ugonjwa huu miaka kumi na miwili.

Mwambie kaka yako hakuna aliyeificha. Imetafutwa kwa fedha nyingi, na kwa wagonjwa waliojitolea miili yao, na kila mara inaponyoka. Nikueleze inaponyokea wapi.

Baba alikuwa karani wa chama cha ushirika, kazi yake kuandika kilo za kahawa za kila mkulima. Baada ya mazishi nilifungua madaftari yake. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka mwaka 2003, lakini kwenye daftari la 1998 herufi zilikuwa zimeshaanza kusinyaa: mstari unaanza vizuri, ukifika mwisho ni vijidoa kama punje za ulezi. Mama naye akakumbuka kwamba miaka hiyohiyo baba aliacha kusikia harufu. Maziwa yaliungua jikoni naye amekaa hapohapo, hana habari mpaka alipoona moshi. Sisi tulidhani ni macho na mafua.

Hicho ndicho kikwazo kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo, hufa kimyakimya kwa miaka mingi. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imeshakwenda. Kwa hiyo anayeingia kwenye majaribio ya dawa leo ni mtu ambaye nyumba yake imekwisha kuungua nusu. Huenda dawa nzuri zimeshapita mikononi mwa watafiti zikahesabiwa hazifai, kumbe zilichelewa kutolewa. Wazo hilo huninyima usingizi.

Halafu kuna suala la kipimo. Presha tunaipima kwa mashine, sukari kwa tone la damu. Parkinson daktari anaipima kwa macho: fumba vidole, fumbua, simama, tembea, geuka. Na unajua mwenyewe kwamba baba wa asubuhi si baba wa jioni. Tena tumaini peke yake hutoa dopamini. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mgonjwa akidungwa sindano isiyo na dawa huku anatarajia dawa, ubongo wake unatoa dopamini kwelikweli. Basi kwenye majaribio, hata aliyepewa kidonge kitupu anapata nafuu, na dawa yenyewe inakosa pa kujitofautisha. Mwaka 2023 zilitoka habari njema za kipimo kinachoitambua, katika maji ya uti wa mgongo, protini ya alfa-sinukleini iliyojikunja vibaya, ile inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa hawa. Nilifurahi sana. Ila kinajibu ipo au haipo. Ugonjwa umefika wapi, hakisemi.

Wanyama wa maabara nao wametupotosha. Mwaka 1982 huko California, vijana waliojidunga heroini iliyotengenezwa vibaya waliganda ghafla kama wazee wenye Parkinson. Sumu iliyokuwemo ikaanza kutumiwa kuwaumiza wanyama ili dawa zijaribiwe juu yao. Panya aliyepewa sumu kwa siku chache akapona, hiyo haina maana kwamba mzee ambaye seli zake zimekufa kidogokidogo kwa miaka naye atapona.

Jaribio lililoniumiza zaidi ni la eksenatidi, dawa ya kisukari. Mwaka 2017, kwa wagonjwa 62 wa London, ilionekana kama inapunguza kasi ya ugonjwa. Nilikata makala ile nikaiweka kwenye droo. Likafanyika jaribio kubwa zaidi, watu 194, wakafuatiliwa karibu miaka miwili. Majibu yakatoka mwaka 2025: hakuna tofauti. Kabla yake kirutubisho cha kretini, kile wanachotumia wanamichezo, kilijaribiwa kwa watu 1,741, kikasimamishwa mwaka 2013 kwa kutosaidia. Ndiyo maana mpaka leo tunaegemea levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na ambayo daktari George Cotzias alionyesha faida yake mwaka 1967.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Wilayani kwenu Hai watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 161,000, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 waliwakuta wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Asiyejulikana kuwa mgonjwa haitwi kwenye majaribio. Mwaka 2023 watafiti, akiwemo Profesa Njideka Okubadejo wa Lagos, waligundua badiliko katika jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, na kwa Wazungu karibu halipo kabisa. Badiliko hilo lisingeonekana kamwe kwa kuchunguza damu za Ulaya peke yake. Kwa hiyo baba yako akiombwa kushiriki utafiti ulio halali, msikimbilie kukataa.

Kwa sasa: kidonge apewe nusu saa kabla ya kula, maana maharage na nyama vinagombania njia moja na levodopa. Andikeni saa anazoganda, mpelekeeni daktari daftari hilo apange upya muda wa dozi, msiongeze wenyewe. Pale mlangoni bandika utepe mweupe sakafuni, mwambie auvuke kama anavuka mfereji. Baba yangu alipita hivyo miaka minne.

SWALI: Nimesikia mbegu za upupu zina dawa ya Parkinson. Nimchemshie mama? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli zina levodopa, na utafiti uliofanyika Bolivia kwa wagonjwa 18 ulionyesha unga wa mbegu zilizokaangwa unafanya kazi. Lakini kiasi cha levodopa hutofautiana mbegu kwa mbegu, na hazina kabidopa, inayozuia levodopa isiharibiwe mwilini kabla ya kufika kwenye ubongo, ndiyo maana nyingi zaidi huhitajika na kichefuchefu ni rahisi kumpata. Kama mama tayari anameza vidonge, ukichanganya unaweza kumzidishia dozi. Usichemshe chochote kabla hujaongea na daktari wake, na uende na vidonge vyake vyote mkononi.