Futa hilo tangazo la "lipa mzigo ukifika" kabla hujalala

Kamwene tutapeana baadaye, mleta mada. Umesema uko Mafinga, una laki sita, belo la majaketi ya mtumba utalifuata soko la Mwanjelwa, Mbeya, na unataka kujua mambo manne: upange bei vipi, ukurasa uupe jina gani, utangaze saa ngapi, na wanaolalamikia saizi uwajibu nini. Halafu mwishoni, kama vile si kitu, umechomekea kwamba tangazo lako lina maneno "lipa mzigo ukifika" na kuna mtu wa Songea ameshaagiza majaketi sita, "tuma tu, nalipa nikiyaona". Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini.

Futa. Hayo manne ya juu hayajawahi kufilisi mtu. Hilo la chini kabisa ndilo litakalomaliza laki sita yako. Mimi ada ya somo hili nimeilipa kwa majaketi. Mangapi sisemi, mke wangu anapita humu.

Chukua kalamu. Tuseme ukigawanya bei ya belo kila jaketi linakusimamia 14,000. Kufua, pasi na zipu kwa fundi weka 1,500. Boda kwenda na kurudi stendi 2,000. Unauza 28,000, nauli ya basi 5,000 juu ya mteja. Likipokelewa unabaki na 10,500. Safi kabisa. Sasa mteja asipotokea: nauli ya kwenda 5,000 uliyotanguliza wewe, nauli ya kurudi 5,000, boda ya kupeleka 2,000, boda ya kwenda kulifuata 2,000. Zimeyeyuka 14,000 na jaketi bado halijauzwa. Ukituma kumi yakarudi manne, yale sita yamekupa 63,000 na haya manne yamekula 56,000. Umebakiwa na 7,000 kwa kazi yote ile. Yakirudi matano uko chini ya sifuri kwa 17,500, huku watu wanakupongeza ukurasa umechangamka.

Usiniambie utabana boda kwa kupeleka mizigo mitano safari moja. Kwenda utabana, sawa. Kurudi hairudi pamoja: mmoja leo usiku, mwingine Alhamisi, wa tatu konda kapitiwa na usingizi kaushusha Iringa.

Na hapo bado hatujagusa msimu. Baridi ya huku inakaza Juni na Julai, na hapo ndipo mtu wa Makete au Njombe anakununulia jaketi bila kuuliza mara mbili. Jaketi lililokwenda Sumbawanga likakaa ofisi ya basi kumsubiri mtu "anayekuja kesho", kisha likaanza safari ya kurudi, limekula nusu ya Julai yako. Likifika nyumbani jua limeanza kuchoma na wateja wanaulizia magauni. Jaketi la Septemba ni tandiko la paka. Ukiwa na kumi na tano ya namna hiyo kwenye mabuti ya mabasi, ni 210,000, yaani zaidi ya theluthi ya mtaji wako inatalii barabarani, na wewe huna cha kuongezea belo jingine.

Wala si kwamba wote ni matapeli. Wengi ni watu wazuri tu ambao hawana cha kupoteza. Ameliona jaketi saa sita usiku akiwa kitandani, akaandika "nalitaka". Mzigo unafika tarehe 17, mshahara tarehe 28. Mwingine anaagiza kwa wauzaji watatu, atakayefika kwanza ndiye, wawili mtajijua. Mwingine mume kamwambia analo jingine kabatini. Simu yako ataipokea mara ya kwanza, mara ya pili atasema yuko msibani, mara ya tatu haipatikani.

Aliyekushauri hilo namjua bila kumwona, maana wote wana mdomo mmoja. Ni yule "mwalimu wa biashara mtandaoni" wa kwenye makundi ya WhatsApp: "Jenga uaminifu, mpe mteja alipe akipokea, mauzo yatapaa." Mauzo yanapaa kweli, kama tiara iliyokatika uzi. Hebu jiulize jambo moja: hilo somo lake ulilipa lini? Ulilipa kwanza, ukatuma picha ya muamala, ndipo ukaingizwa kundini. Kwake hakuna cha "lipa ukielewa". Ushauri huo unamfaa mwenye pikipiki tatu anayegawa mzigo ndani ya mji uleule, ambapo mteja akikataa jaketi linarudi dukani kabla ya saa nane. Wewe wa Mafinga unayetuma Songea umeingizwa mjini.

Cha kufanya ni kimoja: kishika uchumba, yaani hela anayotanguliza mteja kabla hujatuma mzigo. Na kisiwe cha kukisia, "tuma hata elfu mbili ya nia". Kishika uchumba lazima kilingane na nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na boda mbili. Kwa hesabu yetu ni 14,000. Akitanguliza hiyo, akighairi hujapata na hujapoteza, jaketi linarudi ukaliuze. Akichukua, hiyo inakatwa kwenye jumla ya 33,000, anamalizia 19,000. Mwandikie hivi hivi, usipambe: "Jaketi 28,000, nauli 5,000. Unatanguliza 14,000 leo. Ukighairi hairudi. Nikikosea mimi, inarudi yote. Inayobaki 19,000 unaituma mzigo ukishafika, kabla hujakabidhiwa." Hiyo sentensi ya kukosea wewe usiitoe, ndiyo inayomfanya mtu wa haki akuamini. Naye anaogopa kutapeliwa, mtandaoni wapo wanaopokea hela na kuzima simu. Kwa hiyo mpigie kwa video, jaketi liko mkononi, jina lake umeandika kwenye karatasi, funga na fungua zipu mbele yake, geuza ndani nje, mwonyeshe kwapa na kola. Kama ana ndugu Mafinga, aje aangalie kwa niaba yake.

Wengi watakuaga hapo hapo. Waage. Hao ndio wangekupeleka stendi mara mbili.

Hiyo 19,000 sasa. Usimwachie konda akukusanyie, konda ana mambo yake. Mafinga mabasi mengi yanapita tu, na kishawishi ni kumkimbilia konda dirishani ukampa kiroba na noti. Huna risiti, huna mzigo. Peleka ofisini, upewe karatasi yenye namba, na uulize mzigo ukilala siku ngapi wanaanza kutoza. Kwa mpokeaji andika jina lako na namba yako mwenyewe. Picha ya karatasi usimtumie mteja, maana ofisi nyingi ukitaja namba ya risiti unakabidhiwa bila maswali. Mteja akimaliza kulipa, unapiga ofisi ya kule unawapa jina lake. Mzigo wa Sumbawanga ukibadilishiwa basi njiani, chukua namba ya ofisi zote mbili. Ndani funga nailoni kabla ya kiroba, hata kiangazi. Jirani wa mzigo wako kwenye buti anaweza kuwa ndoo ya dagaa wa Kyela, na harufu hiyo haina pasi.

Na "akimaliza kulipa" maana yake salio limesoma, si kwamba meseji imeingia. Meseji ya "Imethibitishwa" mtu anaiandika kwa kidole kutoka namba ya kawaida. Fungua menyu mwenyewe: *150*00# ya M-Pesa, *150*60# ya Airtel Money, *150*01# kwa wale wa iliyokuwa Tigo Pesa, *150*88# ya HaloPesa. Angalia salio, ndipo upige ofisi. Mazungumzo yenye bei na jina la bidhaa usiyafute, kuna wanaopokea mzigo kisha wanauambia mtandao walikosea namba, warudishiwe.

Saizi, kwa kifupi. Lebo inadanganya: XL ya jaketi la Korea na XL ya jaketi la Marekani hawajuani. Pima kwa futi ya fundi, jaketi limelazwa na zipu imefungwa: kwapa hadi kwapa, bega hadi chini, bega hadi ncha ya mkono. Piga picha futi ikiwa juu yake, kivulini asubuhi. Taa ya chumbani inageuza kijivu kuwa kahawia, na huo nao ni ugomvi. Usimuulize mteja anavaa saizi gani. Mwambie alaze jaketi lake linalomkaa vizuri, apime kwapa hadi kwapa, akutumie namba. Akishatuma namba mwenyewe hana pa kulalamikia. Na shona uzi mmoja wa rangi ya ajabu kwenye bitana kwa ndani, kwa ajili ya wale wanaorudisha jaketi lao la zamani badala ya lako.

Maswali yako mengine matatu yatasubiri. Turudi kwa mtu wako wa Songea. Majaketi sita ni kiroba kimoja. Tuseme nauli 10,000 kwenda, 10,000 kurudi, boda mbili 4,000. Ni 24,000 za kutanguliza, na anayetaka majaketi ya 168,000 kweli anayo. Mpigie leo umwambie. Akinuna, majaketi yako bado yako Mafinga, na kesho asubuhi kuna baridi.