Asili ya Chungwa la Kitovu na Sababu ya Kukosa Mbegu

Ndugu, umeuliza chungwa la Washington Navel, yaani chungwa la kitovu, limetoka wapi na kama unaweza kulipanda kwa mbegu. Asili yake ni Bahia, nchini Brazili, ambako mchungwa wa kawaida ulibadilika wenyewe ukazaa matunda yasiyo na mbegu. Miche yake ilifika Washington, mji mkuu wa Marekani, mwaka 1870, na mwaka 1873 mwanamke aitwaye Eliza Tibbets akapelekewa michache huko Riverside, California, ambako mmoja ungali hai.

Kwa kuwa tunda hili halina mbegu, usihangaike kuzitafuta: njia ya kuaminika ni kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo chake (kijitawi kilichokatwa kwenye mti wake) juu ya shina la mti mwingine wa jamii ya machungwa.

Ukilipasua kutoka juu hadi chini, ndani ya kile kitovu kilicho upande wa chini wa tunda utaona chungwa jingine dogo, changa, lenye vipande vyembamba vilivyobanana. Huo si ugonjwa, ndilo umbile lake. Ganda ni nene na humenyeka kwa urahisi, nyama ni tamu kweli, ila nakusihi ulile badala ya kulikamua, au unywe juisi yake papo hapo, kwa sababu ikikaa huwa chungu kutokana na kemikali iitwayo limonini.