Wasomaji Wauliza: Miraba Minane, Maziwa Mawili

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu fumbo la maneno la toleo lililopita, lile lililochanganya sanaa, viumbe, jiografia na michezo. Tumefurahi kuona kwamba wengi hawakulalamikia ugumu wake, bali walihoji ukweli wa majibu yenyewe, na hivyo ndivyo fumbo la maarifa linavyopaswa kusomwa. Tumechagua barua sita na kuzijibu kwa kadiri ya nafasi tuliyo nayo.

Ndugu Mhariri, kidokezo cha 4 mlalo kilisema: "Ziwa la maji baridi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani." Miraba ilikuwa minane, nami nikajaza VICTORIA bila kusita, zikaenea. Majibu yanasema SUPERIOR. Shuleni hatukufundishwa kwamba ziwa letu ndilo kubwa? (Msomaji, Nyegezi, Mwanza)

Shuleni tulifundishwa kwamba Ziwa Victoria ndilo kubwa kuliko yote barani Afrika, na hilo ni kweli tupu. Kidokezo, hata hivyo, kiliuliza habari za dunia nzima. Ziwa Superior, lililo mpakani mwa Marekani na Kanada, lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 82,000, ilhali Victoria lina takriban 68,800, ambazo nusu yake hivi iko Tanzania, sehemu kubwa ya zilizobaki iko Uganda, na Kenya ina kama asilimia 6. Kwa hiyo Victoria ni la pili miongoni mwa maziwa ya maji baridi.

Tunaomba wasomaji watazame kila neno la kidokezo kile, kwa sababu hakuna hata moja lililowekwa kwa mapambo. Ukiondoa maneno "maji baridi", jibu linakuwa Caspian, lenye kilometa za mraba zaidi ya 370,000, ila maji yake yana chumvi. Ukiondoa neno "eneo" na kuweka "kina" au "ujazo", jibu linahamia Urusi, kwenye Ziwa Baikal, ambalo kina chake hufika meta 1,642 na ambalo peke yake lina takriban moja ya tano ya maji baridi yote ya juu ya ardhi yasiyoganda. Ukiuliza la pili kwa kina, unarudi nyumbani Tanzania, lakini si Mwanza: ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha meta 1,470.

Hapo ndipo ziwa letu linapostaajabisha. Tanganyika lina eneo lisilofika hata nusu ya eneo la Victoria, lakini limebeba maji zaidi ya mara sita ya yale ya Victoria. Sababu ni namna yalivyoumbika. Tanganyika limejaa ndani ya ufa wa Bonde la Ufa, kwa hiyo kingo zake zinashuka wima kwenda chini sana. Victoria halimo ndani ya ufa wowote. Limetulia katika bonde pana la kina kifupi lililo kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Ardhi ya upande wa magharibi ilipoinuka, mito iliyokuwa ikielekea huko ilizuiwa, na maji yakatandaa juu ya nchi tambarare. Ndiyo maana mahali penye kina kirefu kabisa katika Ziwa Victoria ni kama meta 80 tu, na wastani wake ni meta 40 hivi. Wanajiolojia waliochimbua tope la chini yake wamebaini pia kwamba mwishoni mwa enzi ya barafu ziwa hili lilikauka, kisha likajaa upya.

Jambo moja zaidi kwa wale wanaopenda kuchimba: wapo wataalamu wanaohesabu maziwa ya Michigan na Huron kuwa ziwa moja, kwa kuwa maji yake yako usawa mmoja na yanaungana kwenye mlango wa Mackinac, na kwa hesabu hiyo Superior lingeshuka daraja. Ramani na vitabu vya jiografia huyataja kuwa mawili, nasi tunafuata ramani.

Mwisho, kuhusu namna ya kujiokoa. VICTORIA na SUPERIOR zina herufi nane kila moja, lakini hazikubaliani katika mraba hata mmoja. Herufi moja tu inayopishana ingetosha kukuonyesha njia. Neno la wima lililoanzia kwenye mraba wa kwanza lilikuwa SIMBU, jina la mkimbiaji wetu wa marathoni. Aliyelijaza hilo kwanza hakuweza kuandika V mahali pale.

Mimi nafanya kazi ya samaki pale Mwaloni, Kirumba. Kidokezo cha 9 wima kilisema: "Samaki mla samaki aliyeletwa Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita." Niliandika SANGARA, nikapata. Wenzangu wanasema sato naye aliletwa, kwa hiyo kidokezo kina majibu mawili. Pia naona mmeweka BONDO kwenye 15 mlalo. Msomaji wa Dodoma atalijuaje? (Msomaji, Kirumba)

Wenzako wamesema kweli kuhusu sato. Yule sato tunayemla leo, ambaye asili yake ni mto Nile na maziwa yaliyoungana nao, alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, wakati uleule aliopandikizwa sangara. Wa asili katika jamii yake ni ngege, ambaye siku hizi ni adimu. Lakini kidokezo kilisema "mla samaki". Sato hula zaidi miani na mimea midogo ya majini. Sangara ni mwindaji, anayeweza kufikia urefu wa karibu meta 2 na uzito wa kilo 200, na mdomo wake mpana unaeleza kazi yake kabla hujapasua tumbo lake.

Tulikusudia msomaji asimamie juu ya neno hilo, kwa kuwa ndilo lenye historia nzito. Ziwa hili lilikuwa na aina za furu, samaki wadogo wa ziwani, zinazokadiriwa kuwa zaidi ya 500, karibu zote zisizopatikana mahali pengine popote. Ukikumbuka kwamba ziwa lilikauka mwishoni mwa enzi ya barafu, utaona ni kwa muda mfupi wa ajabu viumbe hao walivyogawanyika: wengine wakawa walaji wa konokono, wengine wa miani, wengine wa magamba ya wenzao. Sangara alipoongezeka kwa ghafla katika miaka ya 1980, mamia ya aina hizo yalitoweka au kubaki machache sana, yakisaidiwa kupotea na maji yaliyochafuka na kupungukiwa hewa. Wakati huohuo sangara alileta viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni katika mji wetu wa Mwanza. Ni samaki mmoja mwenye habari mbili, na zote mbili ni za kweli.

Kuhusu bondo, wewe unalijua kuliko sisi, ila tutaeleza kwa ajili ya msomaji wa Dodoma. Ni kifuko cha hewa kinachomsaidia samaki kuelea bila kutumia nguvu. Mchinjaji akishapasua tumbo la sangara, hukivuta kutoka chini ya uti wa mgongo, kikiwa cheupe, kinene na chenye kuteleza. Hukibandua utando, hukiosha damu, kisha hukianika. Mabondo husafirishwa hadi China na Hong Kong, ambako hupikwa supu ya thamani, na ndiyo maana kipande kidogo namna ile kinaweza kuuzwa kwa bei inayoushinda mnofu wenyewe. Kidokezo kilisema "Kifuko cha hewa cha sangara kinachouzwa ghali." Anayeishi mbali na ziwa anaweza kulijenga neno kwa herufi zinazopishana, na akishalijenga atakuwa ameongeza neno moja la biashara kubwa ya nchi yake.

Kisiwa chenye sokwe katika Ziwa Victoria si kimoja. Mmeandika RUBONDO, lakini Uganda wana Ngamba. (Msomaji, Chato)

Ni kweli, na ndiyo maana kidokezo kilisema "walioachiwa porini". Rubondo ni hifadhi ya taifa, na sokwe wake ni wazao wa wale walioletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya na kuachiwa msituni kati ya 1966 na 1969. Wanajitafutia chakula na kujenga viota vyao bila kulishwa na mtu. Ngamba, iliyoanzishwa 1998, ni makazi ya sokwe yatima waliookolewa, na hao hulishwa na kuhudumiwa na watunzaji.

Shikamoo Mhariri. Babu yangu anasema Mtanzania wa kwanza kuipa nchi sifa katika riadha ni Filbert Bayi, nanyi mmeuliza medali ya Moscow na kuweka NYAMBUI. Ubishi umekuwa mkubwa nyumbani. Nani alipata medali? (Msomaji, Musoma)

Marahaba, mjukuu, na umsalimie babu. Wote wawili walipata. Katika Olimpiki ya Moscow ya 1980, Filbert Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland, na Suleiman Nyambui alipata fedha katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Kidokezo chetu kilitaja "mita 5,000", na hapo Bayi hawezi kuingia hata kwa kubanwa. Watu wa Musoma wana sababu yao ya kulipenda jibu hilo, kwani Nyambui ni mzaliwa wa Majita, mkoani kwenu.

Babu hajakosea kumtukuza Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, alitoka mbele tangu mwanzo na kukimbia peke yake kwa mwendo ambao watazamaji walidhani ungemmaliza kabla ya utepe. Haukummaliza. John Walker, mwenyeji wa pale, alimfukuza hadi mwisho, naye pia akatumia muda mfupi kuliko rekodi ya zamani, lakini Bayi alikwisha kufika kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Mwaka uliofuata, huko Kingston, Jamaika, alivunja na ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Ulimwengu ulisubiri kumwona yeye na Walker tena katika Olimpiki ya Montreal ya 1976, lakini Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziliisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker alishinda dhahabu ile. Mwandishi huyu anaamini kwamba heshima ya Bayi haipaswi kupimwa kwa medali peke yake.

Vidokezo vya michezo vinahitaji tarehe kuliko vingine vyote. Anayetegemea kitabu cha zamani hawezi kumpata Alphonce Simbu, ambaye tarehe 15 Septemba 2025 alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, sawasawa na Amanal Petros wa Ujerumani, na waamuzi wakawatenganisha kwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Mwaka mzima sanaa katika fumbo lenu ni TINGATINGA tu. Sisi Wasukuma hatuna sanaa? (Msomaji, Kisesa)

Mnayo, na tena iko jirani nawe, pale Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Edward Saidi Tingatinga tutaendelea kumweka, kwa kuwa mtindo wa uchoraji alioanzisha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kung'aa juu ya vibao vya mraba, umeendelea baada ya kifo chake mwaka 1972. Lakini miraba kumi inayomtosha yeye inaitosha pia BUGOBOGOBO, ngoma ya majembe, iliyotokana na kulima kwa pamoja: wachezaji husimama safu, hurusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mdundo. Toleo lijalo litakuwa pia na BAGIKA na BAGALU, vyama viwili vya ngoma ambavyo tangu karne ya 19 hushindana kwa kucheza mbele ya umma mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi huwa ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Kwa sababu hiyo Wagalu na Wagika huleta hata chatu uwanjani.

KITEREZA ni nani? Naishi kisiwani humu humu na mwalimu wangu hakuwahi kumtaja. (Msomaji, Nansio, Ukerewe)

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896 na kufariki 1981. Aliandika riwaya ndefu kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, akakosa mchapishaji. Miaka ilipita, naye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na hatimaye Tanzania Publishing House ikaichapa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inamhusu Myombekere na mkewe Bugonoka, ambao wanapendana lakini hawajajaliwa mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao, na Myombekere anatakiwa kupeleka pombe ya ndizi ili arudishiwe mke. Kupitia safari na shughuli zao, msomaji anaoneshwa namna Wakerewe walivyolima, walivyovua, walivyoagua na walivyosalimiana, kwa undani ambao ni vigumu kuupata penginepo.

Kwa maoni yetu, huyu ndiye aliyestahili kidokezo kuliko wote katika fumbo lile. Riwaya yake ilitafsiriwa pia kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 ilitoka kwa Kiingereza, kwa mkono wa Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mtu wa Ukerewe.