Maswali ya wasomaji: Vidonge vya kunenepa na kinga ya mwili

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu wa kike anameza vidonge vya kunenepa toka mwezi wa tatu, anauziwa vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, mwanzo alipendeza mashavu yakajaa, sa hivi kila siku fangasi, majipu, na kikohozi hakimwachi. Jirani yetu nesi anasema ni homoni zinamshusha kinga. Kwani homoni si mambo ya uzazi tu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nesi wenu yuko sahihi. Juu ya kila figo kuna tezi imekaa kama kofia, inatoa homoni inaitwa kortisoli, asubuhi inakuwa juu usiku inashuka, na moja ya kazi zake ni kuzituliza chembe nyeupe za damu zisipitilize, maana kinga ikipitiliza inaumiza mpaka mwili wenyewe. Sasa hivyo vidonge vya mtaani mara nyingi ni deksamethazoni, yani kortisoli ya kiwandani, na miligramu kwa miligramu nguvu yake ni kama mara 25 ya ile ya mwilini. Hospitalini dawa hii inaokoa watu, hata 2020 ilipunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye oksijeni, ila wale kinga yao ilikuwa imepitiliza, mdogo wako anaizima ya kwake bure! Ndo hapo fangasi na majipu wanapata nafasi, na TB iliyolala kifuani inaweza kuamka, kwa hiyo hicho kikohozi msikichukulie poa, apimwe makohozi. Na yale mashavu sio afya jamani, ni mafuta na maji, mwangalie mapaja na mikono utakuta inakonda.

Ila msimnyang'anye vidonge leo. Akishameza miezi tezi zinalala, ukikata ghafla mwili unabaki hauna kortisoli, presha inashuka, anatapika, anaweza hata kufa. Aende hospitali na vidonge mkononi, wampime sukari na presha, wampangie kupunguza dozi taratibu.

SWALI: Mbona lupasi inatupata sana wanawake? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kweli, lupasi ni ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe, na kwenye wagonjwa 10 kama 9 ni wanawake. Estrojeni, homoni ya kike, inachochea chembe zinazotengeneza kingamwili, yani silaha za kinga, testosteroni, homoni ya kiume, inazipoza, japo kromosomu ya X (kifurushi cha urithi, wanawake wanazo mbili, wanaume moja) nayo ina mkono wake. Baridi yabisi, ambayo nayo kinga inashambulia viungo, ndo ya ajabu, wengi wakibeba mimba inatulia, wakijifungua inarudi. Daktari Philip Hench wa Mayo Clinic kule Marekani aliliona hilo kwa wagonjwa wake, akasema lazima kuna kitu mwilini kinaituliza, akakifukuzia mpaka wakafika kwenye kotisoni, homoni ndugu ya kortisoli, 1950 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na wanasayansi Kendall na Reichstein. Wewe kama una lupasi na unataka uzazi wa mpango, mwambie nesi kabla hajakupa chochote, vidonge vyenye estrojeni sio vya kila mwenye lupasi.