Uliza Mwalimu: Hesabu Milia Kwanza

Toleo lililopita nilijibu swali moja dogo, tofauti ya "jinsi" na "jinsia", nikadhani nimemaliza. Wapi! Simu imejaa maswali ya mapenzi ya jinsia moja, maneno yake na alama zake. Wengine wameandika kwa hasira, wengine kwa kunong'ona, na mmoja ametuma ujumbe saa nane usiku kisha akaufuta, akautuma tena alfajiri. Nimefundisha Kiswahili miaka 31 kabla ya kustaafu na kurudi kwetu Mikindani, kwa hiyo nitajibu kama mwalimu wa lugha: neno limetoka wapi, alama inasema nini. Ya dini waulizeni masheikh na mapadri wenu, mimi si mahali pangu.

*Mwalimu, habari za Mikindani. Mimi ni karani mstaafu wa chama cha msingi cha ushirika. Sebuleni nina kibendera cha mezani cha ushirika, rangi za upinde wa mvua, nilipewa Siku ya Ushirika miaka mingi iliyopita. Mjukuu wangu kaja likizo, akaniambia, "Babu, toa hiyo, watu watasema." Nimekificha kabatini lakini roho inaniuma. Bendera yetu imekuwa ya mashoga tangu lini? – Mzee wa Newala*

Shikamoo, mzee wangu. Kitoe kabatini, kiweke mezani, kisha anza kuhesabu kutoka juu: nyekundu, chungwa, njano, kijani, samawati, buluu iliyokoza, zambarau. Saba, sivyo? Hiyo ni bendera ya ushirika. Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika uliipitisha mwaka 1925. Wazo la kutumia rangi zote saba za upinde lilitokana na Charles Gide, mchumi wa Ufaransa, na maana yake unaijua kuliko mimi: watu mbalimbali, chombo kimoja.

Ile nyingine, ya wapenzi wa jinsia moja, ni mdogo wake kwa zaidi ya miaka 50. Ilipandishwa mara ya kwanza San Francisco, Marekani, Juni 25, 1978, na aliyeibuni anaitwa Gilbert Baker. Mwanzo ilikuwa na milia minane, kila mmoja na maana yake: pinki mapenzi ya mwili, nyekundu uhai, chungwa uponyaji, njano mwanga wa jua, kijani maumbile, feruzi sanaa, nili utulivu, zambarau roho. Leo ina sita. Ukitafuta sababu kubwa ya falsafa hutaipata, maana sababu ni ya fundi cherehani kabisa. Kitambaa cha pinki ile kali kilikuwa adimu walipotaka kuzishona nyingi, wakaiondoa. Zikabaki saba. Mwaka uliofuata walitaka kuzitundika kwenye nguzo za taa, nusu upande huu wa barabara na nusu upande ule, na saba haigawanyiki kwa mbili. Feruzi nayo ikatoka, na mahali pa nili pakawekwa buluu ya kawaida.

Kwa hiyo mwambie mjukuu: saba ya ushirika, sita ya wale. Lakini sikudanganyi, mzee wangu. Mpita njia hahesabu. Hata huo Muungano wenu ulichoshwa na mkanganyiko, mwaka 2001 ukaiweka kando bendera ya milia na kuchukua nyingine yenye nembo yake. Kama majirani wanakusumbua, bandika kikaratasi chini yake: USHIRIKA. Ulikuwa karani, mwandiko wako utakuwa mzuri tu.

*Mwalimu, nilikuwa kwenye bajaji na jirani yangu, nikamwambia, "Shoga, tushukie hapa." Dereva na kijana aliyekaa naye mbele walicheka mpaka nikaona haya. Nina miaka 58. Kosa langu nini? – Mama wa Lindi*

Huna kosa hata moja, dada yangu. Umesema Kiswahili cha mama zetu.

Marehemu mama yangu na jirani yake walizoea kuitana "shoga" juu ya ukuta wa makuti, kila siku ya Mungu. "Shoga, una chumvi?" "Shoga, mvua hiyo, anua!" Wanaume hawakuitana hivyo. Lilikuwa neno la wanawake wawili waliokula kiapo cha urafiki bila kukitamka. Baadaye likatumiwa kumsema mwanaume anayeonekana kukaa upande wa wanawake, na kutoka hapo likawa jina la mwanaume anayelala na wanaume. Kamusi zimeweka maana zote mbili ukurasa mmoja, moja chini ya nyingine, kama wapangaji wasiosalimiana.

Nakumbuka darasani, miaka ya tisini, msichana alisoma kwa sauti insha yake: "Mimi na shoga yangu tulikwenda kisimani." Nyuma wavulana wakaanguka vicheko. Yule mtoto hakuwahi tena kusoma kwa sauti mwaka ule. Ndipo nikajua neno limehama nyumba. Wasichana wa leo wamekimbilia "shosti", ambalo ni shoga huyohuyo kavalishwa nguo mpya.

Kwa kuwa umelianzisha, niseme na ndugu zake. "Hanithi" kwa maana ya kawaida ni mwanaume asiye na nguvu za kiume, na watu hulitupa kama jiwe kwa yeyote mwenye sauti nyembamba. "Msenge" ni tusi, halina matumizi mengine ninayoyajua. "Msagaji" limetoka kwenye kusaga, na ndiyo maana mwenye mashine ya unga mtaani kwetu hapendi kuitwa hivyo, hudai yeye ni "mtu wa mashine". Waandishi wanaotaka kusema bila kutukana huandika "mapenzi ya jinsia moja", "mwanaume anayependa wanaume", "mwanamke anayependa wanawake". Ni marefu, lakini hayamtemei mtu mate. Uganda na Kenya utasikia "kuchu", jina ambalo baadhi yao wamejipa wenyewe.

Wewe endelea na shoga yako. Hao wa kwenye bajaji walilipwa nauli ya kuendesha, siyo ya kusahihisha lugha.

*Nasoma kidato cha tano. Mtandaoni naona herufi L, G, B, T, Q, I, kila siku zinaongezeka. Nikiuliza naambiwa nisiulize. Ni nini? – Mwanafunzi, Masasi*

Kuuliza maana ya neno hakujawahi kumtia mtu homa. Kaa hapa.

L ni lezbiani, mwanamke anayevutiwa na wanawake. Neno limetokana na Lesbos, kisiwa cha Ugiriki alikoishi Sappho, mshairi mwanamke wa kale. G ni gei, mwanaume anayevutiwa na wanaume. B ni baiseksho, anayevutiwa na wote wawili. Hizo tatu zinajibu swali moja: moyo unamwelekea nani? Ndiyo wanayoiita mwelekeo wa kimapenzi.

T inajibu swali jingine kabisa, na hapa ndipo watu wazima wenye digrii wanapoteleza. Transjenda ni mtu ambaye anavyojijua ndani, kuwa mwanaume au mwanamke, hakulingani na walivyomwandika alipozaliwa. Huo ni utambulisho wa kijinsia. Nani anampenda ni habari nyingine. Rudi kwenye somo langu la toleo lililopita: "jinsi" ni mwili, me au ke. "Jinsia" ni nafasi na hulka ambazo jamii inaziambatanisha na mwili huo. Bendera yao ina milia mitano, samawati, pinki, nyeupe katikati, kisha pinki na samawati tena. Aliyeichora mwaka 1999 ni Monica Helms, Mmarekani. Ukiigeuza juu chini inabaki vilevile, na aliikusudia hivyo.

Wala nguo peke yake si ushahidi. Wewe uko Masasi, huenda umeona lipiko, mchezaji wa ngoma aliyevaa kinyago. Utotoni nilimwona mchezaji wa Kimakonde kavaa kifua cha mbao chenye maziwa na tumbo la mimba, limechorwa chale hadi kitovuni, anatembea kwa kujishika kiuno kama mama wa miezi minane. Nilimwonea huruma kweli. Ndani yake alikuwa mwanaume, na ngoma ilipokwisha alirudi shambani kwake. Hakuna aliyemuuliza herufi.

Q ni kwia, neno la Kiingereza lililokuwa tusi, wenyewe wakalichukua wakalivaa. I ina swali lake hapa chini. Na ukiona alama ya duara lenye msalaba chini au lenye mshale juu, hizo ni alama za zamani za sayari, Zuhura na Mirihi. Wanabiolojia walizichukua kuandikia jike na dume. Wa L huunganisha Zuhura mbili, wa G Mirihi mbili.

*Mdogo wangu kajifungua wiki iliyopita. Mkunga anasema sehemu za siri za mtoto hazionyeshi wazi kama ni wa kike au wa kiume. Majirani wameanza kusema atakuwa shoga. Tunalia tu. – Nachingwea*

Pole sana mama, na mpe mdogo wako pole yangu.

La kwanza halihusu maneno. Kama mtoto hajaonwa na daktari, mpelekeni leo, hospitali kubwa mnayoweza kuifikia. Sababu mojawapo ya hali hiyo ni hitilafu kwenye tezi zilizo juu ya figo, na baadhi ya aina za hitilafu hiyo humfanya mtoto apoteze chumvi mwilini katika wiki za mwanzo. Akitapika, akakataa kunyonya, akalegea, msingoje kesho. Hayo yakishaangaliwa, upasuaji wa kumfanya "aonekane" wa upande fulani hauna haraka. Ulizeni maswali yote kabla ya kukubali kisu.

La pili, neno lake ni huntha, kitaalamu intaseksi, ndiyo ile I. Ni habari ya mwili aliozaliwa nao. Haisemi atampenda nani akikua. Neno lenyewe si geni kwetu pwani: waliosoma mirathi madrasa wanalijua, khuntha, maana mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walikaa karne nyingi zilizopita wakapiga hesabu ya urithi wake. Kama angekuwa kituko kisichosemeka wasingemwandikia fungu. Limetoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotuletea "hanithi", na labda ndipo majirani wanapochanganya. Waambieni hivyo, au msiwaambie kitu. Mnyonyesheni tu.

Bendera ya huntha, kama mtaiona, ni ya njano na duara la zambarau katikati, ya mwaka 2013. Mchoraji aliziepuka samawati na pinki makusudi.

*Nauza mitumba Mtwara mjini. Kwenye belo nimekuta fulana nyeusi yenye pembetatu ya pinki. Mteja kaishika, kaiacha kama moto. Ina nini? – Muuza mitumba*

Mteja wako anajua historia, au kaogopa tu pinki. Kwenye kambi za mateso za Wajerumani wa Hitler wafungwa walishonewa pembetatu za rangi kifuani. Wafungwa wa kisiasa nyekundu. Wanaume waliokamatwa kwa kulala na wanaume, pinki, ncha ikitazama chini. Wengi wao hawakutoka hai. Miaka ya sabini wanaharakati waliichukua pembetatu ile ya aibu wakaifanya yao. Bei ya fulana panga mwenyewe, ila anayeinunua mwambie.

*Navuka Kilambo kwenda Msumbiji kwa biashara. Ng'ambo watu wanasema hayo mambo si kosa, huku ni kosa. Ipi kweli? – Mfanyabiashara*

Zote kweli, Ruvuma iko katikati. Msumbiji ilipoanza kutumia kanuni mpya ya adhabu mwaka 2015 iliviacha nje vifungu vya Wareno vilivyokuwa vikitumika dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Kwetu kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, mzizi wake Waingereza, kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30 hadi maisha. Angalia kinachoadhibiwa: ni tendo. Sijaona kifungu kinachotaja rangi ya shanga wala sauti ya mtu. Na wanaouliza kama ni ugonjwa, Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa Mei 17, 1990. Ya sheria zaidi mwone wakili. Mimi ni wa ngeli.

*Binti yangu yuko chuo Dar. Likizo anakuja na rafiki yake ambaye, anasema, kwa Kiingereza hataki kiwakilishi cha mwanaume wala cha mwanamke. Nimwiteje bila kumuudhi? Nina wasiwasi nitakosea mbele ya wageni. – Mama wa Kilwa*

Mama, Waingereza ndio wana tabu hiyo. Sema: "Amefika. Ameoga? Yeye anakula pweza?" Umeona mahali ulipotaja kama ni mwanaume au mwanamke? "Yeye" hana jinsi, "a-" haina jinsi, na Kimwera, Kiyao na Kimakonde ni hivyohivyo. Tangu uanze kusema hujawahi kuchagua.

Kasoro ni kwenye "dada" na "kaka", hapo ruka. Mwite kwa jina analojitambulisha nalo, na akichelewa kuamka gonga mlango useme, "Mwanangu, chai inapoa." Mkipata ming'oko ya kuchemsha, mbakizieni.