Kumtetea mwanakwaya asifukuzwe

SWALI: Mhariri, kijana wa kwaya yetu hapa Likoni amejulikana kuwa anapenda wanaume wenzake. Wazee wa kanisa wanataka atolewe. Nimtetee vipi? – Mama Kwaya

JIBU: Mama, muulize kwanza mwenyewe anataka nini, na jina lake lisitajwe popote bila idhini yake. Wengi huharibu hapa: huomba maombi kwenye kundi la WhatsApp, na kufikia jioni mtaa mzima unajua.

Kisha muone mchungaji peke yake kabla ya kikao cha baraza. Mbele ya wazee kumi ni vigumu mtu kulegeza msimamo. Usianze na habari za ndoa, mtakwama hapo hapo. Omba jambo dogo: aendelee kuimba, na asisemwe mimbarini. Mkumbushe Matendo 8, towashi Mwethiopia aliyebatizwa njiani bila kikao chochote.

Wakitaja sheria, kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya huadhibu tendo la ngono lenyewe. Hakimzuii mtu kuhudhuria ibada. Wakitaka "akapimwe", Mahakama ya Rufaa papa hapa Mombasa iliharamisha upimaji wa kulazimishwa wa njia ya haja kubwa mwaka 2018. Maombezi ya kumfungia ndani kwa njaa, kataa kabisa.