Kupanda miti huku moyo umechoka

Dada, umeuliza kama kuna maana kuendelea kupanda miti kando ya Mto Mathare hapa Nairobi, na kuomba, ilhali mafuriko ya 2024 yalisomba kila kitu. Pole sana. Nami nililia mwaka ule. Miche yetu ya mianzi niliikuta imelala topeni, mizizi juu, mmoja umezongwa na shati la mtoto. Wiki mbili sikuweza kusali.

Nenda Msitu wa Karura asubuhi, peke yako. Mwaka 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale wakitetea msitu uliokuwa ukigawiwa wajenzi. Hawakujua kama wangeshinda. Keti chini ya mti, nyamaza, usiombe chochote. Halafu Jumamosi njoo na jembe, hata kama imani bado haijarudi.